Kanda za redio ya chuo zilizobaki besmenti: usizioke, usizitupe

*"Mume wangu, Mmarekani, alifariki mwaka jana. Kabla hatujafahamiana alisoma hapa Boston, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na alikuwa mtangazaji wa redio ya chuo, zamu za usiku. Besmenti nimekuta maboksi yake: rili kubwa kumi na kitu, nyingi zimeandikwa Ampex 456, kaseti nyingi zenye majina ya bendi nisizozijua, na mafaili ya karatasi zenye orodha za nyimbo. Majina hayo nikiyatafuta mtandaoni sipati kitu. Jirani ana mashine ya rili, tukajaribu moja. Ikapiga mluzi, ikasimama, ikaacha uchafu wa kahawia kwenye mashine. Kaseti moja nayo inanishangaza: mume wangu anaongea, wimbo unaanza sekunde moja unakatika, anaongea tena. Shemeji anasema kanda zimekufa, nitupe. Rafiki yake wa zamani anasema nizioke kwenye oveni, na kwamba zina thamani ya maelfu ya dola. Mwanangu anataka kuziweka YouTube. Na kama bendi hizi zilikuwa za maana, mbona hakuna anayezikumbuka? Nifanye nini?"*

Pole sana kwa msiba, dada. Nianze na la haraka: usicheze rili nyingine yoyote, usiweke chochote kwenye oveni ya jikoni, na usitupe hata karatasi moja. Kwa dalili ulizoeleza, kanda zako hazijafa. Mluzi na uchafu wa kahawia ni tatizo linalojulikana, na lina tiba. Kaseti inayokatika haina ugonjwa wowote, na nadhani ukishajua ni kitu gani utaitoa kwenye boksi na kuiweka pazuri.

Lakini nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuongoza utakapofika kwenye mengine.

Wengi hudhani muziki ukisahaulika basi haukuwa mzuri. Kwa bendi za aina hii sababu mara nyingi ni nyingine. Zilikuwa na mahali pamoja tu pa kusikika, na mahali hapo hapakuwekwa kwa ajili ya kutunza kumbukumbu.

Mwaka 1945 Marekani ilitenga sehemu ya chini ya masafa ya FM, kati ya megahezi 88 na 92, kwa ajili ya vituo visivyo vya biashara. Mwaka 1948 ikaruhusu vituo vidogo kabisa, vya wati 10, nguvu inayofika maili chache tu kutoka kwenye mnara. Vyuo vikachangamka. Wanafunzi walikuwa wameshaonja utamu huo zamani: mwaka 1936, katika chuo kikuu cha Brown, katika jimbo jirani la Rhode Island, vijana wawili, George Abraham na David Borst, walivuta nyaya kati ya mabweni wakaanzisha redio yao.

Kituo kisicho cha biashara hakiruhusiwi kuuza matangazo ya biashara. Linaonekana jambo dogo la kisheria, lakini ndilo lililozaa karibu kila kitu kilichomo kwenye maboksi yako. Asiyeuza matangazo haogopi msikilizaji kuhama. Hakuna mwenye kiwanda cha sabuni atakayepiga simu kulalamika kwamba saa nane za usiku redio ilirusha dakika kumi za gitaa linalolia peke yake juu ya mlio wa mashine ya kufulia. Redio ya biashara ilitafuta wimbo usiomkera yeyote. Mwanafunzi wa zamu ya usiku alitafuta wimbo ambao yeye mwenyewe hajawahi kusikia mfano wake, na muda wa kuucheza wote alikuwa nao.

Mume wako alibahatika kuwa Boston, mji wenye vituo vya vyuo vingi ajabu. WERS ya Emerson College inarusha tangu 1949. WZBC ya Boston College ilitenga saa za usiku kwa muziki wa majaribio chini ya jina No Commercial Potential, yaani "hauna soko". WMBR ya MIT iliitwa WTBS hadi 1979, pale Ted Turner alipozitaka herufi hizo kwa ajili ya televisheni yake akawachangia dola 50,000. Wanafunzi wakabadili jina na kupata mtambo mpya wa kurushia. Huko huko MIT, kabla ya jina kubadilika, kilikuwa kimesikika mojawapo ya vipindi vya kwanza vya punk, roki ya kasi na ghadhabu, katika redio za Marekani.

Bendi zilizokulia kwenye hewa hiyo hazikufanana na kitu. Mission of Burma, iliyoanza 1979, ilikuwa na mtu wa nne ambaye hakupanda jukwaani: Martin Swope alikaa kwenye meza ya kuchanganyia sauti, akinasa vipande vya wenzake kwenye rili palepale wakiwa wanapiga, kisha akavirudisha ukumbini vikiwa vimepindishwa au vimegeuzwa. Ilivunjika 1983 kwa sababu mpiga gitaa, Roger Miller, aliharibikiwa masikio. Miller akaendelea na Birdsongs of the Mesozoic, bendi ya piano na sinthesaiza isiyo na mwimbaji. Kulikuwa na The Girls, walioacha santuri moja ndogo mwaka 1979, na mpiga besi wao, George Condo, leo dunia inamjua kama mchoraji. Hao ni wenye bahati. Burma walirudi jukwaani 2002 wakakuta ukumbi umejaa watu ambao wengine walikuwa watoto wachanga bendi ilipovunjika. Kwa kila bendi iliyofika kwenye santuri zilikuwepo nyingine nyingi ambazo kazi yao yote ya maisha ilikuwa kanda moja waliyoipeleka kwa mikono studio ya chuo.

Sasa angalia kanda hiyo ilivyoishi. Bendi inajirekodi chumbani au kwenye studio ya bei nafuu, inaleta rili au kaseti kituoni. Mtu wa kituo ananakili wimbo kwenye kartriji, ile kanda fupi inayozunguka bila mwisho ili watangazaji waibonyeze haraka. Wimbo unachezwa miezi miwili mitatu. Kanda ni ghali, kwa hiyo kartriji inafutwa na kurekodiwa wimbo mwingine. Rili yenyewe inabaki rafuni. Baada ya miaka minne mtangazaji aliyeipenda amehitimu, wanaoingia hawaijui, na siku rafu ikijaa inaondoka na takataka. Jarida la CMJ lilianza 1978 kukusanya orodha za nyimbo zilizokuwa zikichezwa vyuoni, na zimesaidia sana watafiti, ila orodha hizo zilifuata santuri zilizotolewa. Bendi ya kanda moja haikuonekana humo.

Ndiyo maana kutoona jina mtandaoni hakukuambii lolote kuhusu ubora wake. Jina hilo liliishi kwenye karatasi ya tangazo iliyobandikwa kwenye nguzo, kwenye orodha ya zamu, na kwenye mdomo wa mtangazaji. Mbili kati ya hizo tatu unazo wewe.

Nikupe mfano wa palepale Boston. Kuanzia 1985 Magnus Johnstone alikuwa na kipindi kilichoitwa Lecco's Lemma, kwanza WMBR kisha WZBC. Aliwaalika vijana wa Roxbury na Dorchester, mitaa ya Boston, waliokuwa wakirap wamtumie kaseti walizojirekodia nyumbani, akazicheza hewani. Wakati huo nani angezihifadhi? Yeye alizihifadhi. Leo zimo kwenye hazina ya chuo kikuu cha UMass Boston, na kwa wengi wa vijana wale huenda hiyo ndiyo alama pekee iliyobaki ya muziki wao wa wakati ule. Maboksi yako yanaweza kuwa kitu cha namna hiyo.

Walio Dar wanaielewa habari hii kwa upande wa pili. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa pia studio ya kurekodia bendi za muziki wa dansi, na rili zake zikawekwa maktaba, zikabaki. Hapa Marekani kila chuo kilikuwa na desturi yake, na mara nyingi aliyeokoa kanda ni mtu mmoja aliyeichukua akaenda nayo nyumbani.

Tuje kwenye rili iliyopiga mluzi. Utepe wa sauti ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembe ndogo sana za oksidi ya chuma. Chembe hizo ndizo zinazobeba sauti, na zimeshikwa kwenye plastiki kwa gundi. Kuanzia katikati ya miaka ya sabini, watengenezaji kadhaa, Ampex wakiwemo na hiyo 456 yao, walitumia gundi ambayo baadaye ilionekana inanyonya unyevu wa hewa. Ikishanyonya kwa miaka, muundo wake unavunjika na kuwa mnato, kama kashata iliyoachwa wazi msimu wa masika. Utepe ukipita kwenye mashine unanasa na kuachia, unanasa na kuachia, mara nyingi kwa sekunde, na huo ndio mluzi. Uchafu wa kahawia uliouona ni zile chembe zenyewe. Kwa maneno mengine, ile kahawia ilikuwa muziki. Ndiyo maana nimekuomba usiendelee kujaribu: kila jaribio linakwangua sauti isiyorudi. Na besmenti ya Boston, kwa unyevu wa majira yake ya joto, ni mahali pabaya kuliko pote nyumbani kwa kanda za aina hii.

Rafiki wa mumeo hakukosea kabisa aliposema kuoka. Njia hiyo ipo, na Ampex wenyewe waliipatia hataza mwaka 1993. Utepe unapashwa kwa nyuzijoto zipatazo 54 za Selsiasi, kwa saa nane au zaidi kutegemea upana wake, unyevu unatoka na gundi inakamata tena. Baada ya hapo una wiki kadhaa za kuucheza na kuuhamishia kwenye kompyuta kabla mnato haujarudi. Ila oveni nyingi za jikoni hapa Marekani haziwezi kushuka chini ya nyuzi 77 hivi, joto lake hupanda na kushuka, na zile za gesi huongeza mvuke, ambao ndio adui mwenyewe. Wataalamu wanatumia oveni za maabara au vikaushio vyenye kipimajoto kinachoaminika.

Tena si kila rili inaokwa. Zipo za plastiki ya asetati, za zamani zaidi, na hizo joto linaziharibu moja kwa moja. Kutofautisha ni rahisi na hakuhitaji mashine. Inua rili uitazame ubavuni dhidi ya mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya, weka pembeni na uandike "asetati?" kwenye karatasi. 456 haitapenyeza mwanga, na mgongo wa utepe wake ni mweusi usiong'aa. Vilevile usiamini maandishi ya boksi peke yake, maana redio za vyuo ziliweka utepe wowote kwenye boksi lolote lililokuwa tupu. Ukinusa harufu ya siki, hiyo ni asetati inayooza. Itenge na nyingine.

Kaseti zina tabia tofauti. Ule mnato huzipata kwa nadra sana. Kinachoziua ni kipande kidogo cha sifongo kinachoukandamiza utepe kwenye hedi (kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti), ambacho hubanduka, au kiungio cha mwanzo wa utepe kinachoachia, au gamba lililopinda. Mtu mwenye mikono mitulivu huhamishia utepe kwenye gamba jipya na kazi inaendelea. Kabla ya kuicheza kaseti yoyote, vunja vile vijino viwili vya juu vinavyoruhusu kurekodi, ili kidole kikiteleza isifutike. Na usitumie redio ya zamani iliyokaa stoo, hizo ndizo zinazokula kaseti. Tafuta deki iliyosafishwa hedi na kubadilishwa mikanda ya mpira.

Na ile kaseti ya mumeo anayekatizwa kila mara. Vituo vingi vilikuwa na deki iliyounganishwa na swichi ya maikrofoni: mtangazaji akifungua maikrofoni inaanza kunasa, akiifunga inasimama. Lengo lilikuwa mtangazaji ajisikilize baadaye na kujirekebisha bila kupitia muziki wa zamu nzima. Kwa hiyo unachosikia si kanda mbovu. Ni zamu nzima ya usiku iliyobaki sauti yake peke yake: akitaja bendi, akisoma hali ya hewa, akimsalimu aliyepiga simu. Angalia kama zipo nyingine zenye tarehe bila jina la bendi. Hizo ndizo za kuhamisha kwanza, kwa faida ya watoto wako na pia kwa faida ya utafiti. Akitaja bendi hewani na kusema ametoka kuwasikia ukumbi fulani, amekuachia mwaka, mahali na matamshi ya jina, mambo ambayo rili yenyewe haitakuambia.

Kwa sababu hiyohiyo karatasi zile nazithamini sawa na kanda. Orodha ya zamu inaonyesha nini kilichezwa, saa ngapi, baada ya nini. Rili isiyo na maandishi ni saa nzima ya kelele ambayo hata mwenyewe aliyeipiga huenda asiitambue. Rili yenye orodha ni historia. Piga picha kila boksi, kila mgongo wa kaseti, kila karatasi, kwa mpangilio uleule uliozikuta, kabla hujapanga chochote. Mpangilio wa marehemu ni maelezo pia. Usibandike stika juu ya mwandiko wake, na vibanio vya chuma vyenye kutu vitoe taratibu.

Kuhusu fedha nitakuwa mkweli: sioni maelfu ya dola hapa. Wanaonunua kanda wanataka majina wanayoyajua, na wewe mwenyewe umesema haya hayajulikani. Kampuni ndogo za kutoa upya muziki wa zamani zipo na huwa na moyo, lakini zinalipa kidogo, na zinapaswa kuwalipa wanamuziki. Hapo ndipo lilipo pia jibu la mwanao. Mume wako alimiliki kanda. Muziki uliomo ni wa walioutunga na walioupiga, isipokuwa kama waliuuza kwa mkataba. Rekodi zilizofanyika kuanzia tarehe 15 Februari 1972 zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya serikali kuu ya Marekani, na kutojulikana kwa mwenye haki hakuiondoi haki yake.

Simkatazi kijana, namwomba awatafute wenyewe kwanza. Wengi wako hai, wana miaka sitini na kitu, na sijaona kundi la watu linalofurahi kama wanamuziki wanaoambiwa kwamba kanda waliyodhani imepotea ipo. Aanze na jina la studio lililoandikwa kwenye boksi, na majina ya watunzi kwenye hifadhidata za ASCAP na BMI, mashirika yanayokusanya malipo ya watunzi wa nyimbo, zinazotafutwa bure. Kumbukumbu za gazeti la Boston Phoenix, lililoandika sana habari za kumbi za muziki, zimehifadhiwa Northeastern University. Kituo chenyewe nacho mara nyingi kina mtandao wa wahitimu wake. Wakikubali, aweke hata kesho. Wakikataa, basi. Mtu ana haki ya kutotaka wimbo aliouimba akiwa na miaka 19 usikike tena.

Sasa, lipi ufanye mwenyewe na lipi umpelekee mtu. Picha, orodha na kuhamisha maboksi ni kazi ya nyumbani. Kaseti zilizo nzima mnaweza kuzihamisha wenyewe kwa deki nzuri na kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Hifadhi faili ambalo halijabanwa, la WAV, biti 24 na kilohezi 96 kama kifaa kinaweza, 48 kama hakiwezi, kisha tengeneza MP3 za kusikiliza. Usisafishe mikwaruzo kwenye faili la kwanza. Bendi hizi zilitumia mikwaruzo kwa makusudi, na programu haijui tofauti.

Rili zote mpelekee mtaalamu, hata zile ambazo hazijapiga mluzi. Mbali na kuoka, kuna mwendo wa mashine na idadi ya njia za sauti zilizorekodiwa kwenye utepe, mambo ambayo mashine ya jirani yako inaweza isiendane nayo. Muulize mtaalamu anaoka kwa kifaa gani na joto gani, anarudisha faili la aina gani, na kama bei ni kwa rili au kwa saa. Asiyeweza kujibu la kwanza, ondoka. Na ukiona unga mweupe au wa kijani, au nyuzinyuzi kama pamba kwenye kingo za utepe, hiyo huenda ni kuvu. Usiifungue ndani ya nyumba, usiipulize. Vaa glovu na barakoa ya N95, itie kwenye mfuko peke yake na mpigie mtaalamu kabla ya kuisafirisha.

Ushauri wangu, kama gharama ya rili zote ni kubwa, ni kuandikia maktaba za chuo alichosoma mumeo, kitengo cha mikusanyiko maalumu, na UMass Boston pia. Eleza ni kituo gani, miaka gani, idadi ya rili na kaseti, na uambatanishe picha za karatasi za zamu, kwa sababu hizo ndizo zitakazomfanya mkutubi akujibu. Kabla ya kutia saini ya kukabidhi, pata majibu kwa maandishi: nani atalipia kuhamisha, lini, kama familia itapata nakala ya kila kanda yenye sauti yake, na kama mnaweza kuweka masharti kwenye yale ya faragha. Maktaba nyingi zina foleni ndefu, kwa hiyo usikabidhi kaseti za sauti yake kabla hamjajihamishia wenyewe.

Wakati unasubiri majibu, toa kila kitu besmenti leo. Kabati la ghorofa ya juu linatosha, mbali na bomba la joto na mbali na spika kubwa. Rili zikae zimesimama wima ndani ya maboksi yake, zisilazwe, na zile zilizofungwa mwisho ukiwa nje usizirudishe mwanzo. Zilifungwa hivyo kwa makusudi.